Mama aliuliza kuhusu floridi, mwanafunzi wangu akakosa la kujibu. Ninyi mnalifundishaje?

mwalimu_wa_fizi

Habari zenu wadau. Ninafundisha kinga ya magonjwa ya kinywa kwa wanafunzi wa diploma ya utabibu wa meno, kanda ya kaskazini. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Leo nimekuja na swali ambalo limeninyima usingizi.

Wiki iliyopita niliwapeleka wanafunzi wanane wa mwaka wa pili kwenye zahanati moja chini ya Mlima Meru, siku ya kliniki ya watoto. Kila mmoja alipangiwa akina mama watano wa kuzungumza nao. Mimi nilikaa benchi la nyuma na daftari langu, sisemi kitu.

Binti mmoja, yule aliyeongoza darasa kwenye mtihani wa nadharia, alianza vizuri. Akaeleza kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kutumia dawa ya meno yenye floridi, yale madini yanayozuia meno kuoza, kupunguza soda na biskuti. Mbele yake alikaa mama aliyempakata mtoto wa kama mwaka na nusu. Pembeni alisimama kaka wa yule mtoto, wa miaka tisa hivi, maana shule zilikuwa zimefungwa. Mama akamshika kijana kidevu, akamwambia, "Fungua." Meno ya mbele ya juu yalikuwa ya kahawia, yana vishimo vidogo vidogo utadhani yamedonolewa na sindano.

"Mlituambia floridi ndiyo iliyomfanya huyu hivi," mama akasema. "Leo unaniambia huyu mdogo nimpake floridi. Nishike lipi?"

Binti akanyamaza. Akaangalia daftari lake. Kisha akarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa kidogo, kama vile mama hakusikia. Mama akaitikia "sawa," akakunja kadi ya kliniki, akaifutika kwenye kanga. Nikajua siku ile hatatusikiliza tena.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lote lipo kwenye notisi nilizompa mimi. Madhara ya floridi kwenye maji nilifundisha Oktoba, chini ya kasoro za ukuaji wa meno. Faida ya floridi kwenye dawa ya meno nilifundisha Januari, chini ya kuzuia kuoza. Yalikuwa masomo mawili na maswali mawili ya mtihani, na katika miaka tisa sijawahi kuyaweka kwenye ubao mmoja.

Wenzangu mnaofundisha, au mnaofanya kazi kwenye maeneo yenye maji ya floridi nyingi, mnawaandaaje vijana kwa swali la mama huyu?

nesi_wa_chanjo

Pole Mwalimu. Nianze na upande wa umri, maana ndio ninaouona kila siku.

Yule kaka wa miaka tisa, meno yake hayakuharibikia mdomoni. Yaliharibikia ndani ya taya, yakiwa bado yanaumbwa. Kwa meno ya mbele ya ukubwani, miaka mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, na karibu meno yote ya ukubwani ukiacha magego ya mwisho yanakuwa yamemaliza kujengwa kufikia miaka minane. Jino likishatoka na kuonekana, floridi haiwezi tena kulitia madoa. Kwa hiyo kijana huyo apige mswaki kwa dawa yenye floridi bila hofu, madoa hayataongezeka. Wa kuangaliwa ni huyo mdogo aliyepakatwa.

Tunakutana na mtoto chanjo ya surua miezi tisa, kisha miezi kumi na minane. Hapo ndipo mwanafunzi wako angekuwa na la kumwambia mama, na akimsubiri shuleni akiwa na miaka sita, kwa meno ya mbele muda umepita. Miaka sita ina kazi nyingine: gego la kwanza la ukubwani linatoka nyuma kabisa, hakuna jino linalong'oka kulipisha, na akina mama wengi wanadhani ni la utoto. Wanaliacha lioze wakisubiri lidondoke. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

tabibu_mstaafu

Nesi ameeleza wakati, mimi nieleze kiasi. Mpe mwanafunzi hesabu, Mwalimu, aifanye kwa mkono wake.

Dawa ya meno iliyoandikwa 1450 ppm ina miligramu 1.45 za floridi kwenye kila gramu moja. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu akimeza chote, asubuhi na usiku, ameingiza kama miligramu 0.3. Sasa chukua maji yenye miligramu 4 kwa lita, kiwango ambacho nchi yetu ilikivumilia kwa miaka mingi wakati Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi 1.5. Nusu lita ya maji hayo, pamoja na yaliyopikia uji, inampa miligramu 2. Zipo chemchemi za huko kwenu zinazopita 4 kwa mbali.

Lakini usimfanye mama aonekane hajui. Akiijaza brashi yote kama kwenye matangazo, hiyo ni gramu nzima. Mtoto wa mwaka na nusu hajui kutema, atameza. Mara mbili kwa siku ni karibu miligramu 3, zaidi ya ile nusu lita ya maji. Hofu yake ina msingi, na mwanafunzi amwambie hivyo waziwazi kabla ya kumwonyesha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, ukubwa wa njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, kwa sababu floridi inalilinda jino kwa kuligusa kwa nje.

Na awaambie kuchemsha hakutoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki palepale. Magadi ya kulainishia makande nayo yanaiongeza, basi chakula cha mtoto kipikwe bila magadi.

kinywa_pwani

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu shida kubwa ni ukoga na fizi zaidi ya madoa, ila kwa kufundisha nina jambo moja.

Kabla mwanafunzi hajamfundisha mtu, aone mdomo wake mwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kusafisha, zikapona baada ya wiki moja hivi. Wangu siwaachishi mswaki siku zote hizo. Nawapa rangi nyekundu ya chakula kwenye pamba, wapake meno, wasukutue, washike kioo. Wote wamepiga mswaki asubuhi. Rangi inashika ukoga uliobaki, na wote wanabaki wekundu palepale: kwenye mpaka wa ufizi, na upande wa ndani wa magego ya chini. Hapo ndipo naeleza kuinamisha brashi nusu ya pembe mraba, yaani nyuzi 45, kuelekea ufizi, na wanaielewa, maana wanatafuta njia ya kuutoa wekundu wao wenyewe.

mzaliwa_wa_meru

Nimesoma yote. Mimi si mtaalamu. Mimi ni yule kaka wa miaka tisa, miaka ishirini na mitano baadaye.

Bweni, kidato cha kwanza, niligundua kwamba watoto wa mikoa mingine meno yao ni meupe. Nikaanza kusugua yangu kwa mkaa na mchanga laini kila alfajiri kabla wenzangu hawajaamka, mpaka fizi zikawa zinatoka damu. Rangi haikutoka. Picha ya kitambulisho nimefunga mdomo. Picha ya harusi pia.

Miaka michache iliyopita gego lilinisumbua, nikaenda kituo kimoja mkoa mwingine. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye mazoezi alinifungua mdomo, akaniambia mbele ya wagonjwa wengine, "Kaka, jitahidi kupiga mswaki." Nilikuwa nimepiga asubuhi ileile kabla ya kupanda daladala. Sikurudi kwa miezi saba, na gego likaishia kung'olewa.

Mwalimu, hesabu za punje ya mchele ni nzuri, mtu angempa mama yangu zamani ningeshukuru. Ila katika maelezo yako kijana alifunguliwa mdomo mbele ya watu, akatazamwa, mkaendelea kujadili. Kuna aliyemsemesha?

mwalimu_wa_fizi

Hapana. Hakuna aliyemsemesha, hata mimi. Nimesoma swali lako mara nyingi, asante kwa kuliandika.

mwalimu_wa_fizi (baada ya mwezi mmoja)

Nimerudi kuwaambia tulichofanya.

Nilifuta mada yangu ya wiki ile. Nilichukua mizani ya maabara, nikawaambia kila mmoja aje na mswaki wake na aweke dawa kama anavyoweka nyumbani. Tukapima. Wengi walikaribia gramu nzima, mmoja alipita. Kisha nikamwaga punje za mchele mezani, wakaanza kutafuta kiasi kile kwa ncha ya brashi. Ilichukua muda, mkono umezoea kukamua. Hesabu ya Tabibu waliifanya wenyewe ubaoni, maji upande mmoja na dawa upande mwingine. Aliyekuwa anaandika ni binti yule. Alipofika kwenye miligramu 2.9 za brashi iliyojaa alisimama, akasema, "Kumbe mama alikuwa sahihi." Rangi ya chakula ya ndugu yetu wa Mombasa tulifanya kesho yake, na mimi nilipaka pia. Nina wekundu nyuma ya meno ya mbele ya chini ambao sikuujua.

Maneno ya mzaliwa wa Meru niliyasoma darasani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza langu. Vijana watatu katika darasa lile wametoka Arumeru, eneo hilohilo la Mlima Meru. Mmoja aliomba atoke nje kidogo, nikamruhusu.

Zahanati tulirudi siku ya kupima uzito. Mama alikuja na mtoto. Binti alimwamkia, akamwomba radhi kwamba mara ya kwanza hakumjibu. Akatoa mswaki mdogo na dawa, akaweka kipande kile kwenye ncha, akampa mama ashike. Mama akakitazama kwa karibu sana, akauliza, "Hiki tu?" Hiki tu. Akamwonyesha kumlaza mtoto mapajani kichwa kikielekea kwake, kunyanyua mdomo wa juu kwa kidole, kusugua meno yale manane na kufuta povu kwa kitambaa. Mtoto alilia, mama akacheka, kazi ikaisha.

Halafu mama akauliza kuhusu maji. Wanayo ya bomba la kijiji, na wana tangi la mvua la lita 500 linaloishia Julai. Binti akashauri maji ya mvua yawe ya mtoto kwanza, ya kunywa na ya uji, mpaka apite miaka mitatu, na zaidi ikiwezekana. "Na Julai yakiisha?" Akasema, "Mama, hilo sina jibu lake leo." Akaliandika. Tumechukua chupa ya maji ya bomba lile ikapimwe, na nitakwenda kuuliza kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto kuhusu vichujio vyao vya mkaa wa mifupa vya kuondoa floridi kwenye maji, vinagharimu nini kwa nyumba moja.

Kaka mtu alikuwa shuleni, mwendo wa dakika kumi kutoka zahanati. Binti aliomba ruhusa kwa mama, kisha kwa mwalimu mkuu, wakakaa naye chini ya mti wakati wa mapumziko, nami niko mbali kidogo. Hakumwambia afungue mdomo. Alimuuliza jina, darasa, anapenda somo gani. Baadaye kijana mwenyewe akauliza kama yatakuwa meupe. Akamwambia ukweli: mswaki hautoi rangi hii kwa sababu imo ndani ya ganda la jino, si uchafu, wala si kosa lake, asisugue kwa mkaa. Akishakua, tabibu anaweza kuyasugua juu au kuyafunika. Magego yake manne ya kwanza ni mazima, ayatunze.

Akafikiri. Akauliza kama mdogo wake naye yatamtoka hivi. Binti akamweleza habari ya tangi.

"Maji huwa nachota mimi," kijana akasema. "Ya uji wake nitachota kwenye tangi."