Je, niache kazi ya gombolola nifuate uprofesa wa sera na utawala wa umma?

Karani wa Mpakani (Tororo) anauliza:

Salamu kwenu wakubwa na wenzangu. Huu ni mwaka wangu wa sita katika utawala wa gombolola (ngazi ya serikali ya mitaa iliyo chini ya wilaya) moja mashariki mwa Uganda. Shahada ya kwanza niliisomea sayansi ya siasa na utawala wa umma, na mwaka jana nilimaliza uzamili kwa masomo ya mwisho wa juma. Mwalimu aliyenisimamia amenishauri niendelee na uzamivu, niingie katika uhadhiri, na Mungu akipenda siku moja nifikie uprofesa. Tangu aliponiambia hivyo sijapata usingizi wa raha.

Mshahara si shida yangu kubwa. Nataka kujua kama kazi ya profesa wa siasa aliyejikita katika sera na utawala hufika kwenye meza kama hii yangu, au huishia kwa maprofesa wenzake. Katika mkutano wa bajeti mwaka huu, mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini kila mwaka wanaulizwa vipaumbele, wanataja daraja lilelile la kuvukia kwenda sokoni, kisha fedha zinakuja zikiwa zimeshapangiwa kazi nyingine kule juu. Nilimweleza habari ya ruzuku zenye masharti, kwa Kiswahili nilichojitahidi kukinyoosha, maana gombolola yetu ina makabila kadhaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Basi msituulize.” Nimesoma nadharia za ugatuzi, yaani kuhamishia madaraka ngazi za chini, kwa miaka mitano, lakini siku ile sikuwa na la kumjibu.

Mwalimu wa Kilimani (Kampala) anajibu:

Ndugu yangu, ngazi za chuo zinajulikana: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Kuzipanda hutegemea uzamivu, machapisho, ufundishaji na wanafunzi uliowafikisha mwisho wa tasnifu zao. Hilo tuliache hapo, kwa kuwa swali lako zito ni lile la meza.

Katika nchi yetu, kilima cha Chuo Kikuu cha Makerere na ofisi za serikali havijawahi kuwa mbalimbali. Mwaka 1987 tume ya uchunguzi kuhusu mfumo wa serikali za mitaa iliongozwa na Mahmood Mamdani, mwanazuoni wa siasa. Si yote iliyopendekeza yaliyofuatwa, lakini mjadala wake ni sehemu ya njia iliyotufikisha kwenye sheria ya ugatuzi ya 1993, Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, ambayo ndiyo inayokufanya wewe uitishe huo mkutano wa bajeti. Apolo Nsibambi naye alifundisha sayansi ya siasa Makerere kwa miaka mingi, akawa Waziri wa Utumishi wa Umma mwaka 1996, akapelekwa Elimu, kisha akawa Waziri Mkuu tangu 1999 hadi 2011. Waliofanya naye kazi wanamkumbuka kwa kuheshimu saa, sifa ambayo serikalini kwetu inatosha kumfanya mtu azungumziwe.

Lakini njia hiyo ina gharama zake. Waziri Mkuu hawezi kuandika kuhusu baraza lake la mawaziri kwa kalamu aliyoishika akiwa mhadhiri. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyeongoza idara ya sayansi ya siasa Makerere, hakuingia serikalini kabisa, na bado utawala wa Amin ulipofanya kusema wazi kuwa hatari ilimbidi aondoke mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dan Mudoola, profesa wa siasa aliyekuwa makamu mwenyekiti wa tume iliyoandaa rasimu ya Katiba, aliuawa kwa guruneti hapa Kampala mwaka 1993, miaka miwili kabla ya Katiba yenyewe kutangazwa. Silengi kukutisha. Nataka tu ujue kwamba somo hili halijakaa mbali na mambo linayoyachunguza.

Mstaafu wa Masijala (Jinja) anajibu:

Mwanangu, mwalimu amekutajia wakubwa. Mimi nitakutajia mdogo, na jina lake nitalihifadhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watumishi wa umma tulikuwa zaidi ya laki tatu, na kabla ya muongo huo kwisha tulikuwa tumepunguzwa karibu nusu. Washauri waliopita wizarani kwetu wakati ule walikuwa wengi, na wengi wao walitaka takwimu, chai na sahihi ya kitabu cha wageni. Mmoja, mhadhiri wa utawala wa umma, aliomba kuketi nami masijala. Alichagua jalada moja la pensheni ya mjane, akalifuata kwa wiki mbili kutoka meza hadi meza, akiandika katika daftari nani amelipokea, amelilaza siku ngapi, na ameandika nini pembeni. Aligundua kwamba maafisa watatu waliofuatana walikuwa wameandika “tafadhali shughulikia”, na hakuna aliyekuwa ameshughulikia. Kwa hiyo alipopendekeza ngazi zipi ziondolewe, hata mimi niliyezizoea sikuwa na la kumbishia.

Kwa maoni yangu, profesa wa utawala asiyewahi kulisubiri jalada ni kama mwalimu wa kuogelea aliyesomea ufukoni. Usiondoke wilayani haraka. Bado kuna mambo hapo hujayachota.

Mama Tasnifu (Mbarara) anajibu:

Kaka, mzee wetu wa Jinja amesema kweli, ila tusikufiche upande wa pili. Mimi ni mhadhiri, na muhula uliopita nilisahihisha mitihani zaidi ya mia nne nikiwa na mtoto mgongoni. Utafiti nauandika alfajiri. Wizara zinapotuita, mara nyingi huwa sera imekwisha kuamuliwa na wanatafuta ripoti ya kuipamba, na ukiandika tofauti hawakuiti tena. Hilo nalo ni sehemu ya kazi, na linahitaji uti wa mgongo zaidi ya akili.

Kwa hiyo usijiuzulu. Omba likizo ya masomo kwa maandishi, tena mapema, na uhifadhi nakala ya kila barua. Fikiria pia Taasisi ya Usimamizi ya Uganda, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kufundisha watumishi wa umma, kwa sababu wanafunzi wake wengi wamo kazini kama wewe.

Mada ya tasnifu unayo tayari, ila huioni. Kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005, serikali za mitaa zilipoteza chanzo chao kikubwa cha fedha za kujipangia zenyewe. Tangu 2022, Mpango wa Maendeleo ya Parishi unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi (ngazi iliyo chini ya gombolola) kwa mwaka, lakini fedha hizo ni za kukopeshwa kaya zizalishe mali, si za kujenga daraja. Mzee wako, pengine bila kujua, ameuliza kama kuna ugatuzi pale wananchi wanapobaki na haki ya kutaja na kunyimwa uwezo wa kuamua. Swali hilo linatosha kwa uzamivu mzima.

Karani wa Mpakani anarudi:

Nawashukuru sana, hasa Mzee wa Jinja. Nitaandika barua ya likizo, lakini si mwezi huu. Leo mchana nilifungua kabati la ofisi nikatoa kumbukumbu za mikutano ya bajeti, zikiwemo za kabla sijaajiriwa. Nimepata za miaka tisa. Daraja limetajwa katika minane, mara mbili kwa maneno yaleyale, mpaka kosa la tahajia ni lilelile. Mwaka uliobaki, ukurasa wa vipaumbele umechanwa. Kesho nitaanza kwa kumtafuta aliyekuwa katibu mwaka huo.