Catherine de' Medici: je, damu ya Agosti 1572 ni yake?

Mleta mada
Wadau, naumia kila ninapoona mauaji ya Siku ya Mtakatifu Bartholomayo, Wakatoliki walipowaua maelfu ya Waprotestanti, yakitupwa yote mgongoni mwa mama huyu wa wafalme wa Ufaransa. Januari 1562, akiwa mlezi wa kiti cha mwanawe Charles IX, serikali yake iliwaruhusu Waprotestanti kusali hadharani nje ya kuta za miji. Kabla miezi miwili haijatimia, watu wa ukoo wa Guise, vinara wa Wakatoliki, wakawaua waumini waliokusanyika ghalani kule Vassy. Aliyehangaikia amani miaka kumi aliwezaje kupanga kuwachinja wageni wa harusi ya bintiye?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu yangu, harusi hiyo hiyo ndiyo inayomshtaki. Marguerite, binti huyo, aliolewa na Henri wa Navarre, Mprotestanti, tarehe 18 Agosti. Tarehe 22 Admirali Coligny, kiongozi wa Waprotestanti, akapigwa risasi barabarani. Na alfajiri ya tarehe 24, baada ya mfalme kushauriana na mama yake na wakuu wachache, Coligny akauawa chumbani mwake na maiti yake ikatupwa dirishani. Maelfu wakafuata. Tena Jeanne d'Albret, mama wa bwana harusi, alikuwa amekwisha kufa mwezi Juni kwa glavu zilizotiwa sumu. Mtaliano yule alikuja na ufundi wake kutoka kwao.

Mchangiaji wa pili
Nilikuwa msomaji tu, lakini hapo kwenye glavu siwezi kunyamaza. Jeanne alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, na hakuna aliyewahi kuthibitisha sumu hiyo. Nimesimama katika chumba cha Catherine kwenye kasri la Blois, chenye vipande 237 vya mbao zilizochongwa. Ukikanyaga mahali palipofichwa chini ya ukuta, kipande kimoja kinaachia na kabati dogo linafunguka. Watu wakayaita makabati ya sumu, ingawa mwenye nyumba kama ile alikuwa na barua na vito vya kutosha vya kuficha. Sote tunajua mke aliyetoka mbali anavyosemwa ukweni: akikaa miaka kumi bila mtoto ana kasoro, akizaa kumi ana dawa, na akishika madaraka chakula chake kinaogopwa.

Mchangiaji wa kwanza
Dada yangu, glavu nakuachia, na neno "Mtaliano" nalifuta kwa sababu halikuwa la haki. Hata hivyo umenijibu sumu, hukunijibu kikao. Tarehe 26 mfalme alitangaza mbele ya Parlement, mahakama kuu ya Paris, kwamba amri ilikuwa yake, naye alikuwa kijana wa miaka 22 ambaye mambo mazito hakuyaamua bila mama.

Mleta mada
Hapo umenibana, na sitakwepa. Nakubali kwamba aliiogopa hasira ya Waprotestanti baada ya Coligny kujeruhiwa, na kwamba huenda aliridhia viongozi wao wauawe. Lakini kuridhia vifo vya wakuu kadhaa si sawa na kuagiza wanawake na watoto watupwe mtoni Seine. Nami nauliza tena: mbona jina la mkuu wa ukoo wa Guise, ambaye alikuwa amesimama uani akisubiri maiti ya Coligny ianguke, halitajwi hata nusu ya mara tunazolitaja la mwanamke huyu?