Wakuu, mwenye duka anataka alipe programu mara moja halafu nimhudumie maisha, nyie mnafanyaje?

fundi_wa_stoo (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa mawazo kwa mnaotengeneza programu wenyewe bila kuajiriwa, hasa mnaouzia wenye maduka hapa Dar.

Nina programu ya mauzo na stoo, nimeiandika mwenyewe kuanzia mwanzo, inakaa kwenye kompyuta ya dukani na inafanya kazi hata intaneti isipokuwepo maana hali ya umeme na bando mnaijua. Wateja wangu wengi ni wa spea za magari Gerezani, wengine vifaa vya ujenzi Tegeta, na maduka ya dawa machache huku Sinza na Mwenge. Wote wamekuja kwa kuambizana, sijawahi kutangaza. Bei ni laki tatu na nusu, hapo nafunga programu, naingiza bidhaa, namfundisha kijana wa kaunta, tumemaliza.

Sasa kumaliza ndio hakupo. Saa nne usiku simu inaita, printa haitoi risiti, naenda kukuta karatasi imewekwa kichwa chini. Windows ikifa ni mimi, kijana akifukuzwa akaletwa mwingine ni mimi tena kufundisha upya, na kila mmoja ana ripoti yake anayoitaka, yule madeni, huyu mzigo uliolala, na wote wanasema "ni kitu kidogo tu fundi". Wiki nzima inaisha niko kwenye bodaboda, na programu mpya ya saluni niliyoanza imelala tu kwenye laptopu.

Kubwa kuliko: kuna mteja kamkopia shemeji yake kwenye flashi, na huyo shemeji akanipigia MIMI kuniuliza mbona haifunguki 😂

Nawaza kuhamia malipo ya kila mwezi, nikigusia tu wananuna. Je niweke kufuli ijifunge yenyewe mtu asipolipa? Na hii ya kukopiana naizuiaje?

---

binti_seva

Kaka pole, hiyo ya shemeji imenichekesha sana.

Kufuli weka ila fikiria unafunga nini. Ukifunga kaunta isiuze, siku leseni inaisha ni Jumamosi duka limejaa, boss atalipa kweli hiyo siku lakini Jumatatu anatafuta fundi mwingine, na atakuwa na haki. Mimi yangu ikipita tarehe kaunta inaendelea kuuza kama kawaida, risiti zinatoka, stoo inapungua, kinachofungwa ni ripoti za mwenye mali tu. Faida ya siku haoni, mzigo uliopungua haoni. Kijana wa kaunta hata hajui kama kuna kitu kimeisha. Anayejua ni mwenye hela na ndiye wa kulipa.

Hapo ndio watu wengi wa kazi yetu huwa hawapaangalii, kwamba anayenunua programu na anayeitumia ni watu wawili tofauti na mara nyingine maslahi yao yanagongana kabisa. Mwenye duka anataka kujua nini kimetoka. Kijana, sio wote jamani, hataki ijulikane. Ndio maana unasikia "mfumo unasumbua" na "umeme ulikatika nikaandika kwenye daftari". Nina mteja printa yake ilikuwa inaharibika mwisho wa mwezi tu, siku nyingine zote ni nzima! Kwahiyo sio kila simu ya saa nne usiku ni hitilafu ya programu, angalia kwanza nani anapiga na lini.

Halafu kama una mpango wa kuchukua bakapu (nakala za akiba) za wateja kuweka kwenye seva yako, humo kuna majina na namba za simu za wadaiwa wao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume ya kujisajili. Usiipuuze ukidhani ni ya mabenki.

---

chalii_wa_mabibo

Mkuu unajitesa bure na maduka ya Kariakoo, geuza iwe ya simu weka Play Store watu dunia nzima wanunue, unalala hela inaingia. Usajili ni dola 25 mara moja tu basi.

---

binti_seva

@chalii_wa_mabibo mdogo wangu, dola 25 ni kweli ila malizia na mengine. Akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza upate watu 12 wa kujaribu programu yako siku 14 mfululizo ndio uombe kuitoa kwa umma. Ukishauza Google wanachukua asilimia 15 kwenye dola milioni 1 ya kwanza ya mwaka, sio mbaya, lakini mwenye spea wa Gerezani analipa kwa lipa namba, umwambie aingize kadi ya benki kwenye simu atakuona tapeli. Na huko duniani utakuwa unashindana na programu za bure zilizotengenezwa na timu nzima. Huku Gerezani hakuna timu kutoka California itakayokuja kugeuza karatasi ya printa.

---

mama_spea

Samahanini mimi sio wa kompyuta, mwanangu ndio kanionyesha huu mjadala nikaona nichangie kwa upande wetu wenye maduka kwa sababu mnatusema sana.

Mwanangu fundi, sisi hatukatai kulipa. Nalipa kodi ya fremu, nalipa mlinzi, ushuru wa taka, vyote hivyo ni vya kila mwezi au kila miezi sita na sijawahi kununa (sawa, nanuna lakini nalipa). Ninachokataa ni kulipia kitu ambacho nikikitazama kimekaa vilevile. Ukija mwezi huu ukaniambia elfu ishirini ya programu, nakuuliza umefanya nini mwezi huu, unaniambia "sapoti". Sapoti gani na mimi sijakupigia?

Mimi nina kijana wa programu ananihudumia na yeye namlipa laki moja na nusu kwa mwaka bila kelele, nitakueleza kwa nini. Kwanza dola ikipanda mzigo wa Dubai unapanda, napaswa kubadilisha bei za vitu zaidi ya elfu, yeye aliniwekea sehemu moja nabadilisha asilimia, bei zote zinajirekebisha. Kabla ya hapo tulikuwa tunakesha na kalamu. Pili kila mwisho wa mwaka anakuja tunahesabu stoo pamoja, siku mbili, na mwisho naona kilichopotea. Mwaka wa kwanza nilichokiona sitakisema hapa. Tatu kila wiki ananitumia WhatsApp kwamba bakapu imefanyika, ile meseji tu inanifanya nilale. Hivyo vitu navigusa.

Na jambo lingine, usije kudai ada Januari. Januari ni ada za shule, hata mume wangu simjui.

---

mzee_disketi

Nimefurahi kumsoma mama hapo juu, ameeleza kitu ambacho watu walishakigundua tangu enzi za disketi.

Vijana mnadhani hili tatizo la kukopiana ni la flashi. Mwaka 1982 Marekani kulikuwa na Jim Knopf na programu yake PC-File, na Andrew Fluegelman na PC-Talk, kila mmoja kivyake, wakaona kuzuia watu wasikopiane hakuwezekani, basi wakaruhusu. Kopi, mpe jirani, ukiona inakufaa nitumie hela. Akaja Bob Wallace, alikuwa Microsoft akaondoka, 1983 akatoa programu ya kuandikia inaitwa PC-Write. Huyu ndiye ningependa fundi amtazame.

Wallace alikuwa anasema kopi unavyotaka, ila ukijisajili kwa dola 75 unapata kitabu cha maelekezo, unapata msaada wa simu, unapata matoleo mapya. Na nakala yako inakuwa na namba yako. Mtu akiipata kwako akaenda kujisajili akataja ile namba, wewe unalipwa dola 25. Umeona akili hiyo? Yule mkopishaji ambaye wewe unamuona mwizi, yeye alimgeuza wakala wa mauzo.

Sasa chukua hilo ulilete Gerezani. Kila nakala iwe na namba ya duka na jina la duka juu ya skrini, kubwa. Ikikopiwa kwenda duka lingine ifunguke tu, isimkatalie, iuze bidhaa hamsini za kwanza, zaidi ya hapo iandike "piga kwa fundi". Shemeji amekupigia mwenyewe, hukumtafuta, hukulipa tangazo, anataka huduma, na bado unalalamika? Huyo ni mteja amekuja na miguu yake. Mwekee programu rasmi, mchaji, halafu yule aliyemkopia mpe elfu hamsini au mpunguzie ada. Uone mwezi ujao atawakopia wangapi.

Mimi niliuza programu za mishahara nilizoandika kwa FoxPro (lugha ya zamani ya programu za kumbukumbu) miaka hiyo, kwenye mashirika. Kilichokuwa kinanilisha ni mkataba wa matunzo wa mwaka, mauzo yenyewe yalikuwa mlango wa kuingilia tu.

---

fundi_wa_stoo

Mzee shikamoo, hii ya namba nimeirudia kusoma mara kadhaa. Ila wale wa zamani niliowauzia kwa laki tatu na nusu nitawaambiaje? Tulikubaliana mdomoni tu, hatukuandikishana.

---

mzee_disketi

Marahaba. Hao waache na walichonunua, neno ni neno, programu waliyonayo ni yao na hitilafu iliyotoka kwako irekebishe bure bila kinyongo. Lakini ripoti mpya, kijana mpya kufundishwa, kompyuta mpya, hivyo havikuwa kwenye laki tatu na nusu. Andika karatasi moja, sio zaidi, upande mmoja vya bure, upande wa pili vyenye bei, wapelekee kwa mkono uongee nao ana kwa ana, sio kwa WhatsApp. Atakayeona bei za moja moja nyingi mwenyewe atauliza "kwani kwa mwaka ni ngapi?". Kwa wapya, hiyo karatasi wasaini kabla hujawasha kompyuta.

---

mhasibu_kkoo

Naongezea kidogo tu. Hakikisha una TIN (namba ya mlipakodi) na jina la biashara lililosajiliwa BRELA, usifanye kazi za mfukoni ukitaka wateja wakubwa. Kampuni ikikulipa huduma inakata asilimia 5 ya zuio, hiyo sio dhuluma, ni kodi yako imetangulizwa TRA, dai cheti chake ukikokotoa mwisho wa mwaka inahesabika. Wengi hawadai wanalipa mara mbili.

Pia wateja watakuuliza kama programu yako inatoa risiti ya TRA. Usiseme ndiyo kirahisi, risiti ya printa yako sio risiti ya kodi. Kuna VFD siku hizi, inatoa risiti ya kodi kwa programu badala ya ile mashine ya risiti, unaweza kuunganisha kupitia wanaoruhusiwa kuitoa, na hiyo peke yake ni sababu ya mtu kukulipa kila mwaka.

---

chalii_wa_mabibo

Mimi nimejifunza, nafuta ushauri wangu wa Play Store 😂 ila swali, mtu akichukua hiyo programu akabadilisha jina akauza kama yake inakuwaje?

---

binti_seva

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, unaweza kupeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili. Lakini mwizi wa hivyo akishaiuza atapigiwa simu saa nne usiku na yeye hata hajui ilivyoandikwa ndani. Adhabu tosha hiyo, namuombea kabisa.

---

fundi_wa_stoo

Wakuu nimepata mwanga. Nafanya hivi: namba na jina la duka juu ya skrini, ripoti za boss ndio zifungwe leseni ikiisha na kaunta iendelee, ada ya mwaka laki moja na nusu yenye kuhesabu stoo siku mbili na bakapu ya kila wiki, tarehe yao ya kulipa iwe Julai huko. Simu mwisho saa mbili usiku, baada ya hapo ni elfu thelathini ya kuitwa, nina uhakika printa nyingi zitapona zenyewe.

Mama yangu, kwenye ile ya kubadilisha bei zote kwa mpigo, wewe unatumia asilimia moja kwa duka zima au kwa kila aina ya mzigo?

---

mama_spea

Kwa kila aina. Mafuta na vilainishi vina njia yake, spea za Japani zilizotumika bei yake ni ya kuangalia na macho hizo usiziguse na asilimia kabisa, mpya za Dubai ndio zinapanda na dola. Na weka bei ya fundi gereji na bei ya mteja wa barabarani tofauti, na ya fundi ifichwe isionekane kwenye skrini mteja akiwa amesimama hapo. Kijana wangu hiyo ya kuficha ameshindwa mpaka leo.

---

fundi_wa_stoo

Hiyo ya kuficha yangu inayo tayari, unabonyeza F9 inabadilika na skrini inaonyesha jumla tu.

---

mama_spea

Eeh! Nitumie meseji ya ndani basi nikuelekeze dukani. Njoo kabla ya saa tatu asubuhi, wakianza kuingia mafundi sitaweza kuongea na wewe.