Filamu za zamani za Ufaransa zenye ushairi: asiyejua Kifaransa aanzie wapi?

Mchana_Mweupe
Wakuu, salaam. Natafuta filamu za Ufaransa za kabla ya 1950, zile za kishairi ambazo siku hizi hazitajwi. Kifaransa sijui. Halafu zile bubu nikizicheza kwenye tivii, watu wanatembea kwa kurukaruka na nyuso zimetanuka. Kasoro ni ya filamu au ya mipangilio?

Taa_ya_Mnara
Mkuu, anza na Ménilmontant ya Dimitri Kirsanoff, 1926. Ni dakika 38 hivi, na hakuna hata kadi moja ya maandishi, kwa hiyo lugha haikupunguzii kitu. Subiri tukio la benchi: mama kijana na mtoto wake mchanga kwenye baridi, pembeni yao mzee anakula mkate na soseji. Anamwekea vipande pale kwenye benchi bila kumtazama usoni, asije akamwaibisha. Nadia Sibirskaïa, anayeigiza mama huyo, anatafuna huku machozi yanamtoka. Sijaona njaa na heshima vikiwekwa pamoja vizuri kuliko pale.

Kurukaruka: kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu (picha moja moja) 16 hadi 20 kwa sekunde. Kopi ikichezwa kwa 24, kila mtu anakimbia. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, shusha kasi hadi 0.75, ndiyo sawa na fremu 18, na uzime muziki maana nao utaburuzika. Ila tazama kwanza mtu akitembea. Kama anatembea kawaida, kopi imesharekebishwa, usiiguse.

Nyuso kutanuka ni tivii kulazimisha picha ijaze kioo. Weka umbo la picha la 4:3. Pande mbili nyeusi ndivyo inavyotakiwa. Zima pia ile huduma ya kulainisha mwendo, inabuni fremu ambazo hazikupigwa.

Mwani_Mkavu
Naongeza mwongozaji Jean Epstein, huyu amesahauliwa kuliko anavyostahili. Le Tempestaire, 1947, dakika 22 hivi, ilipigwa Belle-Île, kisiwa cha Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Msichana anahofia mchumba wake aliyetoka kuvua dagaa, anamwendea mzee anayejua kutuliza dhoruba. Mzee anapuliza tufe la kioo, na mawimbi yanarudi kinyumenyume. Maneno ni machache mno. Epstein aliupunguza mwendo hata wa sauti: upepo na bahari vinavutwa mpaka unasikia milio iliyokuwa imejificha ndani yake. Spika za simu haziwezi kuitoa sauti nzito namna hiyo. Vaa hedifoni, la sivyo nusu ya filamu imekupita.

Ukimaliza, tafuta Finis Terrae ya 1929, wavuna mwani wenyewe ndio waigizaji. Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Ufaransa, wana jukwaa la bure mtandaoni, HENRI, lenye kazi za Epstein.

Tishali
Na L'Atalante ya Jean Vigo, 1934. Wajuzi wanaijua, lakini wengi wameona kopi mbovu. Wasambazaji waliikatakata, wakaipachika wimbo uliovuma wakati ule na kuiita kwa jina la wimbo huo, Le Chaland qui passe. Vigo alifariki Oktoba mwaka huohuo, ana miaka 29. Ukiona jina hilo mwanzoni, achana nayo. Tafuta iliyorejeshwa 1990 au baadaye, karibu dakika 89. Hii ina mazungumzo, utahitaji tafsiri chini ya picha, lakini nahodha wa tishali anapojitosa mtoni na kumwona mkewe ndani ya maji akiwa na shela, hapo hakuna cha kutafsiri.

Mchana_Mweupe
Asanteni sana. Niliyoipata ya L'Atalante ni DVD ya dakika 85. Imekatwa?

Tishali
Huenda haijakatwa. DVD za Ulaya huchezwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo dakika 89 zinashuka hadi 85 na ushei, na muziki wa Maurice Jaubert unakuwa mwembamba kidogo. Ichezee kasi ya 0.96.