Yoti ya mtumba ya kuanzia: futi 38 bei ya kutupa au futi 26 iliyo tayari?

mwana_mtwapa

Assalam alaikum wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Mimi nimekulia kwenye mashua za mzee wangu, tanga nalijua, kubisha (kwenda kinyume na upepo) najua, pepo za kusi na kaskazi sihitaji kuelezwa, ila hizi yoti za faiba, plastiki ya nyuzi za kioo, sijawahi kumiliki. Nataka boti ya kusafiri na familia, mke na watoto wawili, tulale humo humo, twende Wasini, Pemba, na Lamu inshallah.

Nimeziona mbili. Ya kwanza futi 38, ukiingia ndani unapenda mwenyewe, vyumba viwili na jiko kubwa, mkuku (ule uti wa chini ya boti) mmoja unaoenda chini karibu mita 2. Mwenyewe alirudi kwao Ulaya, imefungwa kwenye boya miaka kadhaa sasa, injini haiwaki, matanga yamo kwenye mifuko. Ya pili ni Westerly Centaur ya futi 26, ya miaka ya 70, ina mikuku miwili, ndogo kweli lakini mwenyewe anaitumia kila wikendi. Na bei zake zinakaribiana! Nyumbani wote wananiambia chukua kubwa, utapata wapi tena futi 38 kwa pesa hiyo. Nyinyi mngechukua ipi, na nikienda kukagua niangalie nini hasa?

fundi_faiba_kilifi

Waalaikum salaam kaka. Chukua ndogo, na nakwambia hivyo kwa sababu kazi yangu ndo hizi hizi. Bei ya kununua sio bei ya boti. Hiyo futi 38 injini imekufa, haya, hapo ushahesabu injini, lakini boti iliyokaa miaka kadhaa kwenye boya na jua letu hili, waya za mlingoti nazo za kubadilisha, kamba zimekauka, mataa na betri vimeoza, na chini kumeota makombe tupu. Waya wa stenlesi wa saizi ile mara nyingi unaagizwa nje, na futi 38 kila kitu kinapanda, waya mnene zaidi, tanga kubwa zaidi, nanga nzito zaidi, rangi ya chini madebe mengi zaidi. Utakaa nchi kavu miaka miwili unatengeneza na watoto washachoka kuuliza tunaenda lini.

Kukagua sasa. Anza na sitaha, sakafu ya juu ya boti. Sitaha nyingi za faiba si faiba tupu, ni tabaka mbili na katikati kuna mbao, palipotobolewa kwa ajili ya bolti maji huingia mbao ikaoza ndani kwa ndani na juu huoni kitu. Chukua nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi, gonga kidogo kidogo ukisogea. Palipo pazima panalia kavu, tok tok, palipooza sauti inakufa, inakuwa kama umegonga kitabu. Gonga hasa chini ya mlingoti na pale vinapoingia vile vibapa vya chuma vinavyoshika waya. Halafu ingia ndani uvifuate vibapa hivyo mpaka vinapoishia, ukiona michirizi ya kutu imeshuka kwenye mbao ujue maji yanaingia, na stenlesi huliwa pale pale ilipojificha pasipo na hewa.

Valvu zote za chini ya maji, zile za matundu yanayotoboa mwili wa boti, zifungue uzifunge kwa mkono wako. Kwangua kidogo kwa kisu, ukiona shaba imegeuka rangi ya pinki basi zinki imeshaliwa, hiyo valvu inaweza kukatikia mkononi na maji yakaingia. Usisafiri na watoto kabla hujaibadilisha.

Tanga kwangua uzi wa mshono kwa ukucha, ukikatika tu basi jua limeshalimaliza.

nahodha_raskazone

Naunga mkono fundi ila niongeze la huku kwetu. Sisi bahari yetu ina bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 hapa Tanga, na sehemu nyingi nzuri za kulala ni ndani ya vijito na nyuma ya miamba, maji haba. Boti ya mkuku wa mita 2 ikikwama maji yakitoka inalala ubavu, na ukipanda jiwe hapo ni kilio. Ya mikuku miwili inakaa wima yenyewe mchangani, watoto wanashuka wanaokota kombe mkisubiri maji yarudi. Centaur inahitaji maji kama mita 1 hivi tu kuelea.

Na hapo hapo unapata ukaguzi wa bure. Mwambie mwenye boti muipeleke mchangani siku ya bamvua, maji yakijaa alfajiri, ikifika saa nne asubuhi yameshatoka boti iko kavu, mnazunguka chini yote bila kulipa gharama za kupandisha. Umejua mashua, unajua mnavyofanya mkitaka kupaka deheni, yale mafuta ya kulinda mbao za chini, ni hivyo hivyo.

Ubaya wake nao nikwambie ukweli, mikuku miwili haikati upepo vizuri kama mmoja mrefu. Kwa hiyo Pemba, iliyo kusini kwenu, usiende na kusi, mkondo unapanda kaskazini na wakati wa kusi unafika noti 3 (maili za bahari kwa saa) na zaidi, boti ya futi 26 inakwenda noti 4 au 5, piga hesabu mwenyewe. Nenda wakati wa kaskazi, Januari au Februari, upepo unatoka nyuma. Lamu, iliyo kaskazini, ndo usubiri kusi ilainike.

mswahili_wa_southampton

Nipo Uingereza, na Centaur huku zimejaa kila mto, zilianza kutengenezwa 1969 na zikatoka zaidi ya 2,000, kwa hiyo ugonjwa wake unajulikana. Ni mikuku. Zile za mwanzo pale mikuku inaposhikana na mwili palikuwa padhaifu, na nyingi zimeshaongezewa faiba kwa ndani. Muulize mwenyewe kama imefanyiwa, na usikubali mdomo tu, funua mbao za sakafu uangalie ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, tafuta nyufa kuzunguka bolti na kutu. Siku hiyo ya bamvua aliyosema nahodha wewe ukae chini kabisa, maji yakiwa yanatoka na uzito unaishukia mikuku kidogo kidogo, angalia ule mstari wa mkuku na mwili. Ukiona unafunguka au maji yanachuruzika humo baada ya boti kukauka, achana nayo au ushushe bei ya kazi nzima.

Vipele kwenye faiba chini ya maji visikutie hofu sana, boti ya umri ule karibu zote zinavyo, vichache vinatibika.

Injini zake nyingi ni Volvo Penta MD11C, ngumu lakini za zamani, spea zake ghali. Kama imeshabadilishwa ikawekwa mpya kidogo, hiyo ni faida kubwa.

mwana_mtwapa

Mungu awalipe wakuu. Mke wangu nimemsomea yote, kilichompendeza ni hilo la kukaa wima mchangani, basi kwake imepita. Wikendi ya mwezi mpevu naenda. Makaratasi je?

nahodha_raskazone

Hapo usifanye haraka. Kama boti iliingia nchini na mgeni kwa ruhusa ya muda, ushuru huenda haujalipwa, na ukinunua mwenyeji deni linakuja kwako. Nenda forodha na nambari ya boti waulize kabla hujatoa hata thumuni. Usajili kwenu Kenya ni KMA, mamlaka ya bahari, huku Tanzania bara ni TASAC na Zanzibar ni ZMA. Na Pemba ni nchi nyingine, utoke rasmi na uingie rasmi, na paspoti za watoto pia.

fundi_faiba_kilifi

Siku hiyo beba nyundo, tochi, kisu na nguo ya kuchafua. Ukifika kitu cha kwanza shika injini kwa kiganja, iwe baridi, maana ikishapashwa hata mbovu inawaka. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa nyeupe kama maziwa kuna maji ndani. Ikiwaka angalia maji ya kupoozea yanatoka nyuma, na moshi, wa buluu inakula oili, mweusi ukizidi imelemewa au dizeli haiungui vizuri. Iache ivute nusu saa nzima ndani ya gia, boti ikiwa imefungwa. Na mpigie mwenyewe leo umwambie asiiwashe kabla hujafika.