MJADALA: Frankenstein ibaki kitabuni, au ipandishwe jukwaani Mtwara?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Kuna kikundi cha maigizo hapa mjini kinajiandaa kuigiza Frankenstein kwa Kiswahili mwezi wa nane, kwenye uwanja wa wazi, onyesho la muda wa saa mbili. Wasomaji wa riwaya wamekuja juu. Wanasema kila hadithi hii inapopanda jukwaani hushuka ikiwa imekatwa ulimi.

Kwa asiyeisoma: ni riwaya ya Mary Shelley, iliyotoka London Januari 1818 bila jina la mwandishi, juzuu tatu, nakala 500. Mwanafunzi Victor Frankenstein anaunda Kiumbe kwa viungo vya maiti, anampa uhai, kisha anamkimbia usiku uleule. Kiumbe anakua bila mlezi wala jina, anakataliwa na kila anayemwona, na mwisho analipiza kwa kuwaua wapendwa wa aliyemuumba.

Je, jukwaa limeisaidia riwaya hii au limeiharibu? Na ikiigizwa hapa kwetu, iigizwe vipi? Tujibu kwa hoja.

Mwalimu wa Fasihi, Masasi

Niko upande wa kitabu, na sababu yangu ni muundo wake. Riwaya ina sauti tatu, moja ndani ya nyingine. Ya nje ni nahodha Walton, aliyekwama kwenye barafu ya kaskazini, akimwandikia dada yake barua. Ndani ya barua hizo Victor anamsimulia Walton. Na ndani ya masimulizi ya Victor, katikati kabisa ya kitabu, anazungumza Kiumbe mwenyewe. Katika toleo la 1831 lenye sura 24, ni sura ya 11 hadi ya 16. Humo tunajua alivyojibanza kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba ya akina De Lacey, familia maskini, akawachungulia kwenye ufa wa ubao, akajifunza lugha kwa kumsikiliza Felix, kijana wa nyumba ile, akimfundisha Safie, mchumba wake mgeni, akasoma Paradise Lost, utenzi wa Milton, na kujiuliza yeye ni Adamu au ni Shetani. Msomaji anapofika sura ya 17, Kiumbe anapodai aumbiwe mwenzi, moyo wake umeshaelemea upande wa muuaji. Kazi hiyo inahitaji muda, na inahitaji sauti moja isiyokatizwa.

Sasa tazameni jukwaa lilifanya nini. Tamthilia ya kwanza, Presumption ya Richard Brinsley Peake, ilianza tarehe 28 Julai 1823 katika ukumbi wa English Opera House, London. Kiumbe akanyimwa usemi. Mwigizaji T. P. Cooke alimcheza kwa ishara tupu. Victor akapewa mtumishi, Fritz, ambaye kitabuni hayupo kabisa. Kitabuni anafanya kazi peke yake, akijitenga na watu wake, na kujitenga huko ndiko mwanzo wa maangamizi. Mwisho ukawa maporomoko ya theluji yanayowafukia wote wawili. Filamu ya 1931 ilirithi Fritz na ikarithi ububu. Ndiyo maana mtu ambaye hajafungua ukurasa hata mmoja ana hakika kwamba Frankenstein ni dubwana linalonguruma.

Fundi Taa, Shangani

Shikamoo Mwalimu. Tarehe zako ni sahihi, ila umesimama Julai. Nenda mwezi mmoja mbele. Agosti 1823, kwa kuwa mchezo ulikuwa unavuta watu, baba yake Mary, William Godwin, alihakikisha riwaya inachapishwa upya kwa juzuu mbili, na safari hii jina la mwandishi likawekwa. Jukwaa ndilo lililokifufua kitabu chako. Mary mwenyewe alikwenda kutazama tarehe 29 Agosti. Alimwandikia rafiki yake Leigh Hunt kwamba hadithi haikupangwa vizuri, lakini Cooke alicheza vizuri sana, na akapendezwa kuona kwenye orodha ya waigizaji nafasi ya Kiumbe imewekwa mistari tu badala ya jina.

Na ububu ule ulikuwa na chanzo. London ya wakati ule, tamthilia ya kusemwa tu, bila muziki, ilikuwa haki ya kumbi chache zenye hati ya mfalme. Nyingine zilipaswa kuchanganya nyimbo, muziki na ishara. Mtindo huo ulishazoea mhusika bubu anayesemewa na ala. Peake alimtia Kiumbe kwenye nafasi iliyokuwepo tayari.

Jukwaa lisilobanwa na leseni hiyo linaweza kumrudishia ulimi, na limeshafanya hivyo. Mwaka 2011 National Theatre ya London ilionyesha tamthilia ya Nick Dear iliyoongozwa na Danny Boyle. Inaanza na Kiumbe, si na Victor. Anazaliwa mbele yetu, anahangaika kusimama, dakika nyingi bila neno, halafu neno linakuja. Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walipokezana nafasi za Kiumbe na Victor, na 2012 wakagawana Olivier, tuzo ya maigizo ya London. Hata hivyo nawashauri kikundi wasiige kupokezana huko. Kila mmoja anabeba nafasi mbili kubwa, mazoezi yanazidi maradufu, na mmoja akiugua kila kitu kinasimama.

Muhimu zaidi: muswada wa Nick Dear una mwenyewe, lazima kuomba ruhusa na kulipia. Riwaya haina mwenyewe tena, Mary alifariki 1851. Waandike wao kutoka kitabuni.

Msomaji, Nachingwea

Kaka Fundi, hiyo ya 2011 ndiyo hasa inayonipa hofu. Walton hayumo, na Justine hayumo. Walton naweza kusamehe. Justine, hapana.

Tukumbushane. Mtoto William, mdogo wake Victor, ananyongwa na Kiumbe. Picha aliyokuwa amevaa shingoni inatiwa kwenye nguo za Justine Moritz, msichana wa kazi wa nyumba ile, akiwa amelala. Anakamatwa. Padri anamtisha kwa moto wa milele mpaka anakiri kosa ambalo hakulifanya. Victor anajua muuaji ni nani. Anakaa mahakamani, anasikiliza, ananyamaza. Anajiambia kwamba ataonekana mwendawazimu. Justine ananyongwa.

Ukiiondoa sura hiyo ya 8, Victor anabaki kijana mwenye bahati mbaya aliyeshindwa na majaribio yake. Ukiiacha, ni mtu aliyemwachia binti maskini afe ili heshima yake isiguswe. Mkoa mzima wa Lindi na mkoa mzima wa Mtwara, hakuna mtazamaji ambaye hataielewa kesi ya msichana wa kazi aliyesingiziwa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hadhira yetu itaishika kwanza, na ndiyo ambayo waandishi wa jukwaa huitupa kwanza kwa sababu eti inachelewesha dubwana.

Fundi Taa, Shangani

Dada, hapo sina ubishi. Lakini tupige hesabu ili tujue tunabishania nini. Riwaya ina maneno kama 75,000 kwa Kiingereza. Jukwaani, ukitoa muda wa mwendo, muziki na kimya, dakika 120 zinabeba maneno 8,000 hivi ya Kiswahili, yakisemwa kwa utulivu. Kwa hiyo sehemu kubwa mno ya kitabu itaondoka tutake tusitake. Mimi ningempa Kiumbe dakika 35 kwa ile simulizi yake na kesi ya Justine dakika 12. Ningefuta safari ya Uingereza na Uskochi yote, nikabakiza tu dakika tano za kule Orkney, visiwa vya Uskochi, Victor anapomrarua mwenzi wa kike kabla hajampa uhai. Hizo hazifutiki, maana bila hizo kifo cha Elizabeth, mchumba wa Victor, usiku wa harusi hakina sababu.

Mchonga Vinyago, Newala

Nimeambiwa kikundi kinafikiria kumvika Kiumbe kinyago cha mapiko cha Wamakonde. Naelewa kwa nini. Kinyago kile kinafunika kichwa kizima, kitambaa kinaziba shingo, na kwa watazamaji anayecheza si fulani tena, ni kitu kilichotoka kwa wafu. Kwa hadithi ya mtu aliyeundwa kwa maiti, unaona kama kazi imeshakwisha.

Haijakwisha. Mvaaji wa mapiko anaonea kwenye tundu la mdomo. Akitaka kusema, sauti inabaki ndani ya ubao, konsonanti zinapotea, na pumzi inakuwa moto. Na kwa desturi hasemi, ngoma ndizo zinazosema naye. Mkimvika kinyago hicho mtakuwa mmemrudisha Cooke wa 1823, bubu mwenye ala, na Mwalimu wa Masasi atakuwa na haki ya kulalamika. Tena mapiko ni mali ya jando na unyago. Hakichukuliwi kwenda kukodishwa uwanjani bila wazee kukaa na kukubali.

Mnachoweza kufanya ni kuchonga kipya, nusu uso: kuanzia juu ya paji hadi chini ya mashavu, mdomo na taya viwe wazi. Mti uwe mwepesi na laini. Mpingo usiuguse, ni mzito hata majini unazama. Unene wa ubao sentimita moja, ndani pabandikwe sponji kwenye paji na juu ya pua, kamba mbili, moja ipite utosini ili kisishuke jasho likija. Macho yatobolewe mapana kuliko mnavyodhani. Mwigizaji asiyeona miguu yake ataanguka ngazini.

Halafu kuna matumizi. Mzee De Lacey ni kipofu. Ni mtu pekee anayemsikiliza Kiumbe kwa upole, kwa sababu hamwoni. Katika onyesho hilo moja Kiumbe avue kinyago, akae na uso wake wa kibinadamu, aongee. Felix akifungua mlango, akivae haraka, apigwe akiwa nacho. Watazamaji watakuwa wameona alichosikia mzee.

Mwalimu wa Fasihi, Masasi

Mzee wa Newala, hiyo naikubali kwa mikono miwili. Ni jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifanya kwa macho, na halipingani na kitabu hata kidogo.

Bado nadai Walton. Si kwa dakika kumi. Dakika mbili mwanzoni na tatu mwishoni zinatosha. Mwishoni Kiumbe anaingia kwenye meli, anamkuta Victor amekufa, anamlilia. Walton ndiye anayemsikia. Bila Walton hakuna mtu wa kushuhudia kilio hicho, na hakuna mtu anayegeuza meli yake kurudi nyumbani, jambo ambalo Victor hakulifanya maishani mwake.

Mwana wa Kilwa

Wanaosema jukwaa haliwezi kubeba fikra nzito za riwaya hii wasome tena Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji ya Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa, iliyochapishwa 1969. Kinjeketile anaeleza jinsi mtu anavyozaa neno, neno likakua, likamzidi nguvu aliyelizaa, likaja kumtawala. Ndiyo habari ya Victor hiyo, na imesemwa jukwaani na mwigizaji aliyesimama, bila mashine ya umeme wala damu. Tena Hussein alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kisanaa, asipimwe kwa yule wa historia. Naomba kikundi kipewe nafasi hiyohiyo. Kipimwe kwa kilichomo jukwaani, ila kisimnyime Kiumbe kauli.

Fundi Taa, Shangani

Basi nimalizie ya uwanjani, maana hata kauli nzuri hupotea isiposikika.

Mwezi wa nane ni kusi, upepo unatoka kusini-mashariki. Jioni hupungua lakini hauishi. Jukwaa likae upande wa kusini wa uwanja, litazame kaskazini, upepo uwapige waigizaji mgongoni na kubeba sauti kwenda kwa watu. Likigeuzwa, safu za nyuma zinasikia irabu tu na maiki zinavuma. Jenereta iwekwe kaskazini, mita 40 au zaidi nyuma ya watazamaji, ili mngurumo upeperushwe mbali. Maiki za kichwani, zenye kofia ya sponji, zitoshe kwa Kiumbe, Victor na De Lacey. Maiki ya kushika mkononi haifai, inamfanya Kiumbe aonekane mwimbaji. Mashine ya moshi waiache, kusi litaufagia kabla haujaonekana.

Usiku wa kuumba hauhitaji radi. Kitabuni ni Novemba, saa saba usiku, mvua inagonga dirisha, mshumaa unakaribia kwisha, jicho la njano linafumbuka. Taa moja ya chini kutoka ubavuni, na mshumaa ndani ya chimni. Mvua ni mtama mkavu unaomiminwa taratibu kwenye bati lililoinamishwa, maiki ikiwa sentimita 30 kutoka bati. Radi, yaani bati la mita mbili linaloning'inizwa na kutikiswa, ihifadhiwe kwa sura ya 7, Victor anaporudi Geneva baada ya kifo cha William na kumwona Kiumbe kwa mwanga wa umeme. Ikitumika mapema, hapo haitamshtua mtu.

Urefu wa Kiumbe kitabuni ni futi nane, kama mita 2.4. Msimwekee viatu vya sentimita 20, atavunjika kifundo. Soli ya mpira wa tairi, sentimita saba, mabega yajazwe, na Victor asimame ngazi moja chini yake kila wanapozungumza.

Msomaji, Nachingwea

Na Justine? Dakika 12 zimeandikwa kwenye muswada, au zimesemwa hapa tu?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Muswada wa kwanza ulimtaja Justine kwa sentensi mbili za Elizabeth. Nimewapelekea hoja zenu zote. Mwandishi wao ameomba wiki tatu aandike upya kesi nzima, na ameuliza kama Mwalimu wa Masasi atakubali kuusoma kabla mazoezi hayajaanza.