Nyeupe imekaribiana na mpira wangu: lini ni faulo?

Wakuu, tunacheza 8-ball (pool). Nafasi kati ya nyeupe, yaani mpira wa kupigia, na mpira wangu ni ndogo kuliko kipande cha chaki ya fimbo. Nikipiga moja kwa moja, mpinzani anadai faulo. Ana haki?

— Mara nyingi anayo, mkuu. Ncha ya fimbo huigusa nyeupe mara mbili kabla haijatoka. Dalili: nyeupe inaufuata mpira papo hapo, kwa kasi ileile. Gusa ukingo tu wa mpira wako, au inua kitako cha fimbo upige kwa mkato mfupi. Mwite mtu wa tatu aangalie kabla hujapiga; kubishana baadaye hakuna ushahidi.

— Ila kama imegusana kabisa, sheria za WPA (shirikisho la pool la dunia) zinaruhusu kupiga kuelekea mpira huo. Kwenye snuka hapana, lazima upige bila kuusogeza.

— Nyongeza, maana hapa ndipo ugomvi huzuka: nyeupe ikizama huku ya nane imebaki mezani, ni faulo tu, mpinzani anaiweka nyeupe popote. Zikizama zote mbili umepoteza. Baa nyingine humpa mpinzani mapigo mawili kwa faulo, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuvunja (pigo la kwanza).